Taif: Milima ya Waridi Jirani na Makka

Katika mizigo ya mahujaji wetu wanaporejea nyumbani, baada ya maji ya Zamzam, tende na miswala, mara nyingi humo huwamo kichupa kidogo kilichoviringishwa kwa pamba na karatasi. Mwenyewe hukitoa mwisho, wageni wakishapungua. Ndani yake mna mafuta machache ya rangi ya manjano iliyopauka, na tone moja likipakwa nyuma ya kiganja hutosha chumba kizima. Ni harufu ya waridi, lakini si waridi jepesi la sabuni. Ni harufu nzito, yenye utamu wa asali, ukali kidogo wa viungo na kitu kama chai iliyokolea. Wazee wa mwambao waliyaita mafuta ya namna hiyo halwaridi. Wauzaji wa Makka huyaita kwa jina la mahali yanapotoka: waridi la Taif.

Wengi wetu tunalijua jina la Taif kutokana na Sira ya Mtume Muhammad (SAW), tena katika ukurasa wake mmoja wenye huzuni kubwa. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuufika mji wenyewe, ingawa mwendo wa kutoka Makka haufiki kilomita 100. Makala haya yanakusudia kumchukua msomaji juu ya milima hiyo, kumwonesha waridi hilo linavyolimwa na kukamuliwa, kisha kumrudisha chini pamoja na yale ambayo kila anayekwenda Hija au Umra angefaa kuyajua.

Njia ya kupanda

Makka imo bondeni, imezungukwa na majabali yanayohifadhi joto la mchana hadi usiku. Msafiri anayeelekea mashariki huiacha Arafa nyuma yake, akavuka uwanda wa mchanga na mawe, na mbele yake akaona ukuta mrefu wa milima ya Sarawat. Hapo ndipo inapoanza barabara ya Al Hada, iliyochongwa ubavuni mwa jabali katika miaka ya 1960. Gari hupanda kwa kona za kujikunja, moja juu ya nyingine, hata abiria aliyekaa dirishani huona chini yake barabara aliyoipita dakika chache zilizotangulia. Nyani hukaa juu ya kuta za kando wakingoja wapita njia watupe chochote. Mahali pengine huonekana bado njia ya kale ya ngamia, iliyotandikwa mawe, waliyoipita wasafiri na wachukuzi kwa karne nyingi kabla ya kuwapo magari.

Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyobadilika. Taif iko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vyake vya Al Hada na Al Shafa viko juu zaidi. Aliyetoka Makka akitokwa na jasho hufunga vifungo vya kanzu anapofika huko. Wakati wa baridi usiku huwa mkali, na mvua za milimani hunyesha kiasi cha kuwawezesha watu kulima makomamanga, zabibu, tini na mapera ya kizungu katika ngazi za mashamba zilizojengwa kwa mawe. Ndiyo maana tangu zamani matajiri wa Makka walikuwa na mabustani yao Taif, na hadi leo jamaa za Jeddah na Makka hukimbilia huko msimu wa joto.

Mji uliorusha mawe

Haiwezekani kutembea Taif bila kukumbuka yaliyopita hapo. Mwaka wa kumi wa utume, baada ya kufariki Bi. Khadija (RA) na ami yake Abu Talib, Mtume (SAW) alikwenda Taif kuwalingania watu wa kabila la Thaqif. Alifuatana na Zaid bin Haritha (RA). Wakubwa wa mji walimkataa kwa maneno ya dharau, kisha wakawachochea watoto na wapumbavu wamfuate njiani kwa mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Alipata kivuli katika bustani ya ndugu wawili wa Kikureshi, Utba na Shaiba wana wa Rabia, na ndipo Addas, mtumwa wa Kikristo aliyekuwa mtu wa Ninawi, alipomletea kishada cha zabibu. Upo Taif msikiti mdogo unaoitwa kwa jina la Addas, umezungukwa na mabustani.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Malaika wa milima alijitokeza kwa Mtume (SAW) akiwa tayari kuwaangamiza waliomkanusha kwa kuwafunika kwa majabali mawili. Mtume (SAW) hakulitaka hilo. Alitaraji kwamba Allah atatoa katika migongo ya watu hao kizazi kitakachomwabudu Yeye peke yake bila ya kumshirikisha na chochote. Miaka michache baadaye, mwaka wa 9 Hijria, watu wa Thaqif walisilimu. Sahaba Abdullah bin Abbas (RA), mwanachuoni mkubwa wa tafsiri ya Qur'an, alimalizia maisha yake katika mji huo huo mwaka wa 68 Hijria, na msikiti mkubwa wenye jina lake ungali katikati ya mji.

Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia. Mji uliomfukuza Mtume (SAW) kwa mawe ndio leo unaotoa harufu inayopakwa Nyumba ya Allah.

Ua la petali thelathini

Waridi la Taif ni la jamii ile ambayo dunia huiita waridi la Damascus, na wataalamu wa mimea huipa aina hii jina la Kilatini lenye maana ya petali thelathini. Uchunguzi wa nasaba yake umeonesha kuwa waridi hilo lilizaliwa kwa mchanganyiko wa aina tatu za mawaridi. Ndugu zake hulimwa Kazanlak katika Bulgaria, Isparta katika Uturuki na katika nyanda za Uajemi. Kuhusu lilivyofika Hijazi, simulizi za wenyeji ni zaidi ya moja: wako wasemao lililetwa na Waturuki wa dola ya Uthmaniya kutoka nchi za Balkani, na wako wanaolinasibisha na Uajemi au India. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1814, msafiri wa Kiswisi Johann Ludwig Burckhardt alipofika Taif, aliyakuta mabustani yake yakisifika kwa wingi wa mawaridi, nayo yakipelekwa pande zote za Hijazi.

Kwa macho, ua hili halina fahari ya mawaridi ya mapambo. Ni dogo, la waridi hafifu, shina lake fupi na lenye miiba mingi, na likishachumwa hunyauka siku hiyo hiyo. Hakuna anayelifunga katika shada la kumpelekea mgonjwa. Thamani yake yote imo katika pumzi yake.

Mchana wa baridi, vichaka hupogolewa na kuachwa vikiwa kama vijiti vikavu. Mwezi Machi joto likianza kurudi, majani huchipua, na kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Aprili milima huvaa rangi ya waridi. Msimu wote ni kiasi cha siku 45. Katika siku hizo, watu wa mashambani huanza siku yao kwa Sala ya Alfajiri, na wakishatoa salamu huingia shambani kungali na giza jepesi. Ua lazima lichumwe likiwa limefunguka usiku huo, kabla jua halijapata nguvu, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya petali huruka kadiri joto linavyopanda. Ua la saa moja asubuhi na ua la saa tano mchana katika kichaka kimoja si sawa mbele ya mkamuaji.

Kazi hiyo hufanywa kwa mkono tupu. Kidole gumba na cha shahada hushika chini ya ua na kulivunja, moja baada ya moja, na kulitia katika nguo iliyofungwa kiunoni. Wazee, wake kwa waume, watoto kabla ya kwenda shule, pamoja na vibarua wa msimu, wote hushiriki. Jua linapochomoza juu ya vilele, magunia huwa yameshapimwa na yako njiani kuelekea kiwandani.

Maji ya bibi arusi

Zamani, kwa simulizi za wenyeji, mawaridi yalipakiwa juu ya ngamia na kuteremshwa Makka kwa njia ile ya mawe, na huko ndiko yalikokamuliwa na waatari. Safari ilikuwa ndefu na joto la bondeni likila sehemu ya mali. Baadaye mitambo ililetwa juu mlimani, karibu na mashamba, na zipo familia za Taif zinazoirithishana kazi hii tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kiwanda cha kale ni jambo rahisi kulielewa kwa mtu aliyewahi kuona mvuke ukidondoka kutoka kwenye kifuniko cha sufuria. Masufuria makubwa ya shaba hupangwa juu ya moto. Maelfu ya maua hutiwa pamoja na maji, na kifuniko kikubwa kama kuba hufungwa juu yake kusiwe na upenyo. Maji yanapochemka, mvuke huyachukua mafuta ya petali, ukapita katika bomba linalopenya ndani ya birika la maji baridi, na humo ukageuka tena kuwa maji. Yanayotoka mwisho wa bomba huingia katika chombo kikubwa cha kioo chenye shingo nyembamba. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda polepole na kukusanyika shingoni kama utando wa manjano. Mkamuaji huyanyonya kwa sindano au kwa kijibomba kidogo, tone kwa tone, mkono wake ukiwa mtulivu kama wa mtu anayetia wanja machoni mwa mtoto.

Maji ya kwanza kutoka, yaliyo makali zaidi kwa harufu, watu wa Taif huyaita arus, yaani bibi arusi. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Maji ya baadaye, yaliyo hafifu zaidi, huwekwa daraja zinazofuata. Mara nyingi maji hurejeshwa sufuriani na kuchemshwa pamoja na maua mapya, ili kile kilichobaki ndani yake kisipotee.

Elimu hii ni sehemu ya urithi wa Waislamu. Katika karne ya tatu Hijria, mwanafalsafa Al-Kindi aliandika kitabu mahususi juu ya kemia ya manukato na ukamuaji wake kwa mvuke, na maarifa ya namna hiyo yalienea kutoka Baghdad mpaka Andalusia. Mwaka 2024, shirika la UNESCO liliziingiza desturi za waridi la Taif katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, yaani kilimo chake, ukamuaji wake na nafasi yake katika maisha ya watu wa huko.

Utamu wa asali unatoka wapi?

Wapo wanaodhani kwamba waatari huchanganya asali ndani ya mafuta. Sivyo. Milima ya Taif ina wafugaji nyuki na asali yake husifika, lakini harufu ya asali iliyo ndani ya waridi hili ni ya ua lenyewe.

Mafuta ya waridi ni mchanganyiko wa viini vingi sana. Vilivyo vingi kwa uzito, kama sitronelolo na jeranioli, hutoa ule ubichi wa waridi unaofahamika na kila mtu. Lakini kuna vingine ambavyo kiasi chake hakifiki hata sehemu moja katika mia, na juu ya hivyo pua huvitambua mara moja. Kimojawapo kiligunduliwa katika mafuta ya waridi la Bulgaria na kutangazwa na wanakemia mwaka 1970. Walikiita damasenoni, kwa jina la waridi hilo la Damascus. Hicho ndicho chenye kuleta harufu ya matunda yaliyopikwa na asali, na bila hicho mafuta ya waridi hupwaya, kama pilau iliyokosa viungo.

Kuna tofauti nyingine ambayo mama wa nyumbani ameijua siku nyingi bila ya kusoma kemia. Marashi, yaani maji ya waridi, hunukia tofauti na halwaridi, ingawa vyote hutoka katika sufuria moja. Sababu ni kwamba kiini kimoja chenye harufu laini ya petali mbichi huyeyuka kwa wepesi ndani ya maji na kubaki humo, wakati viini vizito hupanda na mafuta. Kwa hiyo marashi hukumbusha ua lililo shambani asubuhi, na mafuta hukumbusha ua lililokwisha pita katika moto.

Katika sanaa ya manukato, noti ya maua yenye utamu wa asali haipatikani kwa wingi, na inapopatikana kwa asili yake huwa ghali. Wenyeji wa Taif hutaja maua 10,000 hadi 12,000 hivi kwa ajili ya tola moja tu ya mafuta, yaani gramu 11.7. Bei ya tola hiyo hupita Riyali 1,000 za Saudia, na katika miaka ya mavuno haba hupanda zaidi.

Kutoka shambani hadi Al-Kaaba

Mteja mmoja wa waridi hili ni mtukufu kuliko wote. Al-Kaaba inapooshwa kila mwaka, kuta zake za ndani hupanguswa kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya Zamzam yaliyochanganywa na marashi ya waridi la Taif, kisha hupakwa mafuta ya waridi na ya udi. Hujaji aliyewahi kuukaribia ukuta wa Nyumba hiyo akavuta pumzi anaijua harufu hiyo, hata kama hakujua jina la mlima ilikotoka.

Hapa ndipo inapofaa kulirudia lile tuliloliweka moyoni. Matarajio ya Mtume (SAW) siku ile ya mawe yalikuwa juu ya watu ambao hawajazaliwa. Leo wajukuu wa bonde hilo huamka kabla ya jua, huswali, na huchuma maua ambayo sehemu yake hupelekwa kuisafisha Nyumba ya Mola wao. Lau milima ingelifunikwa juu ya mababu zao, yasingekuwapo mashamba wala wachumaji. Kwa wazazi walio na mtoto mkaidi, au mlinganiaji aliyekataliwa na mtaa mzima, Taif ni mahali pa kutazama tena subira na kipimo chake.

Marashi katika nyumba zetu

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki si wageni wa waridi. Mrashi wa fedha au wa shaba, wenye shingo ndefu na matundu madogo juu, umekuwa ukizungushwa katika Maulidi na nikaha, kila aliyehudhuria akinyunyiziwa viganjani naye akajipaka usoni na nguoni huku akimswalia Mtume (SAW). Pamoja nao huja chetezo chenye udi. Marashi mawaridi hutiwa katika halua na vinywaji vya sherehe, na baadhi ya jamaa huyatumia katika kumwandaa maiti.

Kwa sababu ya uhusiano wetu wa kale na Oman, ndimi na pua za wengi wetu zimezoea zaidi marashi ya Al Jabal al Akhdar. Huko pia waridi la Damascus hulimwa katika ngazi za mawe, ila hukamuliwa katika majiko ya udongo kwa desturi ya huko, nayo marashi yake huwa na rangi ya kahawia hafifu na harufu ya moshi. Hayo ndiyo yanayoipa halua ya Oman ladha yake. Marashi ya Taif ni meupe na hayana moshi. Mtu anaweza kuyapenda yote mawili, lakini asiambiwe kuwa ni kitu kimoja.

Sokoni: amana na udanganyifu

Kitu chenye thamani kubwa na ujazo mdogo huvuta wadanganyifu. Mafuta ya waridi yamekuwa yakighushiwa tangu zamani kwa kuchanganywa na mafuta ya jerani na ya nyasi zenye harufu inayofanana na waridi, na siku hizi kwa viini vilivyotengenezwa viwandani. Marashi nayo hughushiwa kwa wepesi zaidi, kwani maji ya kawaida yakitiwa kiini na chupa ikabandikwa picha ya ua, mnunuzi wa haraka hana la kusema. Hujaji aliyebakiwa na fedha kidogo na siku moja ya kununua zawadi ni windo rahisi.

Yapo mambo machache yanayoweza kumsaidia. Kwanza, bei. Mafuta halisi hayawezi kuwa rahisi. Hesabu ya maua tuliyoitaja inatosha kumwonya mtu. Anayeuza tola nzima kwa bei ya mlo wa mchana hauzi waridi la Taif. Pili, baridi. Mafuta halisi ya waridi yana nta ya asili, na yakiwekwa mahali pa baridi huanza kuganda au kuonesha vipande vyembamba kama vioo, kisha huyeyuka tena yakipata joto la mkono. Ishara hii si hukumu ya mwisho, kwa kuwa mghushi hodari huweza kuiiga, lakini mafuta yasiyoganda kabisa katika jokofu yanatia shaka. Tatu, muda. Tone likipakwa, lingoje. Harufu ya viwandani hujitokeza yote kwa mara moja na kubaki vile vile au kutoweka, ambapo halwaridi hubadilika: ubichi hutangulia, viungo hufuata, na utamu wa asali hubaki ngozini mpaka mwisho. Nne, na ndilo lililo bora, mnunuzi amwendee muuzaji anayejulikana kwa uaminifu, na ikiwezekana anunue Taif kwenyewe katika msimu, wakati masufuria yako motoni.

Kwa upande wa mwenye duka, Mtume (SAW) alipoingiza mkono wake katika rundo la chakula sokoni na kukuta majimaji chini, alimkanya mwenye nacho na kubainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Hukumu hiyo haikuishia kwenye nafaka. Anayeuza maji ya bomba kwa jina la waridi ameingia humo, hata kama duka lake linatazamana na mlango wa Haram. Na wale ndugu zetu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanaofungua mafuta ya asili na kuyachanganya na ya viwandani, hawana dhambi wakisema kuwa ni mchanganyiko na wakauza kwa bei ya mchanganyiko. Tatizo ni jina lililoandikwa juu ya chupa.

Mashamba yenyewe yana mitihani yake. Waridi hutaka baridi ya kutosha ili lilale, na mvua ya wakati ili liamke. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Taif wamekuwa wakieleza kwamba misimu haishiki tena saa yake, mara baridi inachelewa, mara joto linawahi, na msimu wa siku 45 hauna nafasi ya kusamehe kosa la wiki moja. Mji nao unapanuka na maji ni ya kugawana. Anayenunua tola halisi kwa bei yake halali anasaidia shamba libaki kuwa shamba.

Mikati ya Wadi Mahram

Sasa msafiri anarejea Makka, na hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa sana na jamaa wanaopanda Taif kwa matembezi kisha wakakusudia Umra wanaposhuka. Mtume (SAW) aliiweka Qarn al-Manazil kuwa mikati ya watu wa Najd, na ndiyo mikati ya anayetokea upande wa Taif. Wanaopita njia ya chini huhirimia As-Sayl al-Kabir. Wanaopita Al Hada huhirimia Wadi Mahram, sehemu ya juu ya bonde hilo hilo, penye msikiti mkubwa na mahali pa kuoga. Asipite hapo mwenye nia ya Umra bila ya ihramu.

Wadi Mahram pia ni mojawapo ya mabonde yanayolimwa waridi. Katika mwezi wa Aprili, hujaji huvua nguo zake alizozizoea na kuvaa shuka mbili nyeupe mahali ambapo upepo unaweza kumletea harufu ya mashamba. Bi. Aisha (RA) amesimulia kwamba alikuwa akimpaka Mtume (SAW) manukato kwa ajili ya ihramu yake kabla hajahirimia, na kwa hadithi hiyo jamhuri ya wanazuoni huona ni sunna kujipaka mwilini kabla ya kutia nia. Lakini akishahirimia, manukato ni haramu kwake mwilini na nguoni mpaka amalize. Mtu aliyekufa Arafa akiwa katika ihramu, Mtume (SAW) alikataza hata maiti yake isitiwe manukato, kwa kuwa atafufuliwa akiwa anaitikia talbiya.

Basi yafaa wenye safari hiyo wajiandae. Kichupa cha waridi kilichonunuliwa Taif kifungwe vizuri, kitiwe ndani ya mfuko na kisha ndani ya sanduku, kisifunguliwe garini kuoneshana. Sabuni, mafuta ya nywele na vitambaa vya kupangusia mikono vyenye manukato navyo viwekwe kando, kwani wengi huteleza kwa vitu hivi vidogo. Shuka za ihramu zisinyunyiziwe marashi. Watoto walioingia katika ihramu waangaliwe na walezi wao. Aliyejipaka kwa kusahau na akaondosha mara alipokumbuka ana nafuu kubwa kwa wanazuoni wengi, na aliyefanya kwa kusudi amuulize mwanachuoni wa msafara kuhusu fidia inayomlazimu.

Mtu anapoteremka kona za Al Hada akiwa katika ihramu, joto la bonde humpokea tena kidogo kidogo. Katika sanduku lake kimo kitu alichokinunua kwa fedha nyingi na hawezi kukigusa. Baada ya tawafu, sa'i na kunyoa au kupunguza nywele, atakuwa huru kukifungua. Na akifika nyumbani kwa amani, asikifiche mpaka kikauke. Mtume (SAW) alipenda manukato, na alielekeza kuwa anayepewa asirudishe, kwani ni mepesi kubeba na mazuri kunusa. Ijumaa moja baada ya kuoga, baba aweke tone kwenye viganja vya wanawe, na mama awapake binti zake ndani ya nyumba, na wahadithiwe ni mji gani huo, nini kilipita hapo, na nini kiliombwa badala ya maangamizi.

Allah awajaalie wenye nia ya Hija na Umra wepesi wa njia, awakubalie ibada zao, na aturuzuku sote biashara ya halali na subira ya Mtume wetu (SAW). Amin.